Kifaru mbele ya kombora la kuongozwa: jibu kwa msomaji wa Likoni

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Likoni. Nilikuwa mtoto wa shule wakati vifaru vya meli ya Faina viliposhushwa Kilindini mwaka 2009, na mzee wangu, aliyekuwa kuli bandarini, alituambia kwamba chuma cha namna ile hakuna cha kukitoboa. Siku hizi nikifungua simu naona vifaru vya T-72 kama vile vikipigwa na kombora linalobebwa begani, mara mnara wa juu unang'oka na kurushwa hewani. Kombora dogo vile linatoboaje chuma kile? Mnara unang'oka kwa nini? Na walio ndani wana la kufanya, au ni kungojea tu? Kama ni kungojea, mbona majeshi bado yananunua vifaru?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na suala la walio ndani, kwa kuwa majibu ya yale mengine yanaegemea hapo. Askari wa kifaru wana mengi ya kufanya dhidi ya kombora la kuongozwa, na majeshi yamekuwa yakiyafanya kwa zaidi ya miaka 50. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mambo hayo haifanywi na kifaru chenyewe, bali na askari wa miguu wanaokwenda kando yake, na wapiga mizinga walio nyuma yake, na kamanda aliyechagua njia ya kupita kabla injini haijawashwa. Nyingi katika video unazoziona zinaonyesha kifaru ambacho wenziwe hao hawapo.

Tuimalize kwanza habari ya Faina. Meli ile ilitekwa na maharamia wa Kisomali tarehe 25 Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya T-72, ikaachiliwa mwanzoni mwa Februari 2009 baada ya kulipwa kikomboleo cha dola milioni 3.2, na ikafika Mombasa tarehe 12 ya mwezi huo. Serikali ya Kenya ilisema vifaru ni vya jeshi lake; nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja mwaka 2010 zilisema vilikuwa vikielekea Sudan Kusini. Mjadala huo una wajuzi wake na mimi nauacha. Linalotuhusu ni kwamba mzee wako alikuwa na haki yake kwa kile alichokiona, kwa sababu deraya, yaani chuma cha kujikinga, ya mbele ya T-72, hasa ya uso wa mnara, ni nzito kwelikweli. Lakini kifaru chochote, cha Mashariki au cha Magharibi, hakiwezi kuwa kizito hivyo pande zote. Kingekuwa hivyo, kisingepita daraja lolote. Ubavuni, nyuma na juu chuma ni chembamba mara nyingi zaidi, na hesabu ya mpiga kombora huanzia hapo.

Sasa, namna ya kutoboa. Watu wengi husema kombora linayeyusha chuma, na hata baadhi ya magazeti huandika hivyo, lakini sivyo linavyofanya kazi. Ndani ya kichwa cha kombora mna baruti kali iliyochongwa ikaachwa na shimo la umbo la koni upande wa mbele, na shimo hilo limevikwa bati jembamba la shaba. Baruti ikilipuka, bati lile hukunjwa kuelekea katikati na kutoka kama mchirizi mwembamba wa shaba, ambao ncha yake hukimbia kilomita 8 hadi 9 kwa sekunde. Kwa mwendo huo mgandamizo unakuwa mkubwa kiasi kwamba chuma kilicho mbele husukumwa kando, ingawa hakijayeyuka. Tundu linalobaki kwa nje laweza kuwa dogo hata ukashangaa kwamba ndilo lililomaliza kazi, kwa sababu kinachoua ni mabaki ya mchirizi pamoja na vipande vya chuma vinavyomwagika upande wa ndani. Zingatia jambo moja linalotokana na hayo, kwa sababu tutalirudia: nguvu ya kutoboa inatoka kwenye baruti, haitoki kwenye mwendo wa kombora. Risasi ya mzinga wa kifaru, ule mshale mrefu wa chuma kizito, inategemea mwendo, na ndiyo maana hutoka ikikimbia takriban mita 1,700 kwa sekunde. Kombora halina haja hiyo. Linaweza kwenda polepole, likaongozwa, na bado likatoboa.

Mnara kung'oka ni suala la mahali zilipowekwa risasi. T-72 ina askari watatu tu, kwa kuwa mzinga wake hupakiwa na mashine. Chini ya sakafu ya mnara mna gurudumu linalozunguka lenye nafasi ya risasi 22 pamoja na mifuko yake ya baruti, na risasi nyingine hupangwa huku na huku ndani ya bodi, karibu na miguu ya askari. Mchirizi wa shaba ukipita hapo, baruti huwaka kwa pamoja katika chumba kilichofungwa, gesi hutafuta pa kutokea, na sehemu isiyoshikiliwa na kitu kingine ila uzito wake ni mnara. Wamarekani waliounda kifaru cha Abrams waliweka risasi nyingi nyuma ya mnara, katika kisanduku chenye mlango wa chuma upande wa askari na mabamba mepesi juu, ili moto ukitokea upasukie nje. Askari wengi wa T-72 wenye uzoefu huacha zile risasi za ziada na kwenda vitani na zilizomo kwenye gurudumu peke yake, maana gurudumu liko chini na ni vigumu zaidi kufikiwa. Wanapunguza muda wa kupigana ili waongeze nafasi ya kurudi.

Tuje kwenye kombora lenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mbinu za kulikabili hazieleweki bila kujua linaongozwaje. Kombora lililobadilisha mambo ni Malyutka la Kisovieti, lililoingia jeshini mwaka 1963 na ambalo nchi za Magharibi ziliita Sagger. Liliwekwa ndani ya kisanduku kinachobebwa mgongoni, na kifuniko cha kisanduku hicho ndicho kilichokuwa jukwaa la kulirushia. Askari alilipanga chini, akavuta waya, akaenda kulala hadi mita 15 kando yake akiwa na darubini na kijiti cha kuongozea. Likishafyatuliwa, lilibingirisha nyuma yake nyaya nyembamba, na yeye alitakiwa kuliona kombora na kukiona kifaru kwa pamoja, na kulipeleka moja kwa jingine kwa mkono wake, juu, chini, kushoto, kulia. Lilikwenda kati ya mita 110 na 120 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya mita 3,000, ambao ndio mwisho wa uwezo wake, ilichukua kama sekunde 26. Ili upate picha ya umbali huo, kutoka kivuko cha Likoni hadi Fort Jesus kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita mbili tu. Kwa zaidi ya sekunde 20 kijana huyu hana ruhusa ya kupiga chafya wala kuinamisha kichwa, na ujuzi huo haukuja bure: wakufunzi walikadiria kwamba mtu alihitaji kurusha zaidi ya mara 2,000 kwenye mashine ya mazoezi kabla hajaaminiwa, kisha makumi kadhaa kila wiki asije akasahau.

Misri ilikubali gharama hiyo. Tarehe 6 Oktoba 1973 askari wake wa miguu walivuka Mfereji wa Suez kuwashambulia Waisraeli wakiwa na Malyutka na RPG-7, ile roketi ya begani isiyoongozwa, kwa wingi usiowahi kuonekana, RPG zikilinda zile mita 500 za karibu ambamo Malyutka halifai, na vifaru vyao pamoja na makombora mengine yakipiga kutoka ngambo ya pili ya mfereji, juu ya matuta. Tarehe 8 Oktoba, divisheni ya Israeli iliyoongozwa na Avraham Adan ilipojaribu kuwarudisha nyuma, ilituma vifaru vikiwa na askari wa miguu wachache na mizinga kidogo, kwa kuwa katika vita vya 1967 mwendo na ujasiri wa vifaru peke yake vilikuwa vimetosha. Shambulio lilivunjika, na kamanda mmoja wa batalioni, Assaf Yaguri, akachukuliwa mateka. Mpiga kombora wa Kimisri aitwaye Mohamed Abdel Aty alipata sifa nchini mwake ya kuteketeza vifaru 23. Dunia nzima iliandika kwamba kifaru kimekufa. Nakuomba ukumbuke mwaka huo, 1973, kila usomapo kichwa cha habari cha aina hiyo leo.

Kwa sababu katika siku zilizofuata Waisraeli walifanya jambo la kufundishia. Hawakuwa na deraya mpya wala chombo chochote kipya; walikuwa na zile sekunde 20 na ushei. Waligundua kwamba kombora linapofyatuliwa huinua vumbi na moshi, na kwamba mwako wa mkia wake huonekana. Basi katika kila kundi la vifaru wakawekwa watu wa kuangalia tu, na mmoja akiona alipiga kelele redioni "kombora!" pamoja na upande linakotoka. Hapo hapo vifaru vilianza kwenda mbele na nyuma bila utaratibu, vikitimua vumbi, vikitafuta bonde au tuta la kujificha, huku vile visivyolengwa vikipiga bunduki za rashasha na risasi za kulipuka pale moshi ulipotokea. Haikulazimu kumuua mpiga kombora. Ilitosha kumfanya afumbe macho. Risasi ya kulipuka ya kifaru hufika mita 3,000 kwa sekunde nne au tano, wakati kombora bado halijafika nusu ya safari. Akitikisika mkono, kombora linakwenda ardhini. Wakaongeza askari wa miguu ndani ya magari ya deraya, wakaongeza mota zinazoweza kumwaga mabomu juu ya eneo lote linaloshukiwa, na vita ile ikabadilika sura. Tarehe 14 Oktoba ilikuwa zamu ya Misri kupeleka vifaru mbele, nje ya ulinzi wa makombora yake ya kutungulia ndege, kuelekea vifaru na makombora yaliyokuwa yakiwangojea, na ilipoteza takriban 250 kwa siku moja. Sheria ilikuwa ile ile, imegeuzwa upande tu.

Kizazi cha pili kilimwondolea mpiga kombora kazi ya kuliendesha. TOW la Marekani, Milan la Wafaransa na Wajerumani, Konkurs la Wasovieti, yote ya miaka ya 1970, hufuata alama ya darubini: mwanajeshi anashikilia alama juu ya kifaru, na chombo kinaangalia mwako mkiani mwa kombora na kulisahihisha kwa waya. Makosa yalipungua sana, na muda nao ukapungua, kwani TOW huenda karibu mita 300 kwa sekunde. Hata hivyo mtu bado yuko pale pale, kichwa juu, mpaka kombora lifike. Moshi ukasitawi kwa sababu hiyo, yale maguruneti unayoyaona yamepangwa ubavuni mwa mnara, ambayo hutandaza pazia kwa sekunde chache. Wasovieti wakaongeza Shtora, taa mbili kubwa kandokando ya mzinga zinazotoa miali ya infraredi ili chombo cha adui kidhani taa ile ndiyo mkia wa kombora. Kornet, lililoingia miaka ya 1990, liliwarudisha nyuma, kwa kuwa linapanda juu ya mwale wa leza na jicho lake linatazama kulikotoka, si kunakokwenda, kwa hiyo taa ya mbele hailidanganyi. Nalo hufika zaidi ya kilomita tano.

Waya una udhaifu wake, na kwa watu wa pwani unaeleweka haraka. Miongozo ya TOW huonya juu ya kurusha kuvuka maji, kwa sababu waya ukilala majini umeme wa kuongozea hupotea, na maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Miti nayo huukamata. Ukitoka Mazeras kuelekea Kaloleni, katika vilima vyenye minazi na miembe, utaona kwamba ni nadra kupata mahali ambapo jicho linafika kilomita mbili bila kuzuiwa. Kombora la kilomita tano likiwekwa pale ni mali iliyolala. Teremka nyika ya Taru, mambo yanageuka. Kamanda wa vifaru anayejua kazi yake husoma ramani kwa macho ya adui kwanza, akijiuliza ni wapi mtu angeweza kukaa na kunitazama kwa sekunde 20, kisha huamua ama kupita kwingine, ama kupafukiza moshi, ama kupapiga mizinga kabla ya kujitokeza, ama kutuma askari wa miguu wapakague usiku. Anaposimama, husimama nyuma ya mgongo wa ardhi, mnara tu ukiwa juu, na akishapiga mara moja au mbili hurudi chini na kuibukia pengine.

Ninavyoona, mfano ulio wazi kuliko yote uko barani kwetu. Tarehe 2 Januari 1987 huko Fada, kaskazini mwa Chad, jeshi la Chad lenye magari ya Toyota yaliyofungwa makombora ya Milan lilivunja kambi ya Libya na kuteketeza zaidi ya vifaru 90 vya T-55, likipoteza askari 18. Milan hufika kama kilomita mbili tu, na T-55 ina mzinga wa milimita 100 unaoweza kufika huko bila taabu. Walichokosa Walibya ni doria na askari wa miguu wa kutosha nje ya ngome yao. Vifaru vilikaa vikingojea adui aje kwa njia iliyotarajiwa, naye akaja kwa pande kadhaa, kwa kasi, akazipata mbavu. Vita ile inaitwa Vita vya Toyota, na jina hilo limewafanya watu wakumbuke gari na kusahau kambi ilivyolindwa vibaya.

Kizazi cha tatu, ambacho ndicho unachokiona simuni, kilikata kifungo cha mwisho. Javelin la Marekani, lililoanza kutumika mwaka 1996, huitambua picha ya joto ya shabaha kabla ya kuruka; likishatoka, mwanajeshi yuko huru kukimbia, na kombora hupanda juu na kuangukia paa la kifaru, pale penye chuma chembamba. Tarehe 6 Aprili 2003, kwenye njia panda ya Debecka kaskazini mwa Iraki, kikosi kidogo cha Wamarekani wakishirikiana na Wapeshmerga wa Kikurdi kilizuia vifaru vya T-55 na magari ya deraya kwa Javelin, mahali ambapo miaka 20 kabla wangekimbia. Kumpiga mrushaji ili asite hakusaidii tena. Lakini hata Javelin halina budi kukiona kifaru wakati wa kufyatuliwa, na kichwa chake kinahitaji muda wa kupozwa kabla ya kufanya kazi, na kombora moja ni ghali sana, kwa hiyo haligawiwi kama risasi. Tuta la ardhi bado linakinga. Moshi wa kisasa, uliotengenezwa kuziba miali ya joto pia, bado unakinga. Kumtafuta mrushaji kabla hajapiga kumekuwa muhimu zaidi kuliko kumjibu baada ya kupiga.

Upande wa chuma, yamejaribiwa mengi. Waisraeli walikwenda Lebanoni mwaka 1982 na vifaru vilivyofungwa visanduku vya baruti kwa nje, vinavyolipuka vikiguswa na kuuvuruga mchirizi wa shaba. Wasovieti wakafuata na Kontakt. Waunda makombora wakajibu kwa vichwa viwili, cha kwanza kulipua kisanduku na cha pili kutoboa, kama ilivyo kwa TOW 2A la mwaka 1987. Hatua iliyofuata ni kulidungua kombora njiani. Wasovieti walitangulia na Drozd kwenye T-55, ila uliofaulu kwa muda mrefu ni Trophy wa Israeli, ambao una rada pande nne na mirija inayotawanya chembe za chuma kuelekea kombora linalokuja. Uliosukuma ufungwe kwenye vifaru ni uchungu wa mwaka 2006, pale Wadi Saluki, kusini mwa Lebanoni, ambapo msafara wa Merkava, vifaru vya Israeli, ulipita bondeni huku Hizbullah wakiwa juu na Kornet, na vifaru 11 vikapigwa. Trophy ulidungua kombora lake la kwanza vitani karibu na Gaza mwezi Machi 2011. Ni chombo kizuri, lakini kina bei, kina idadi ya mirija inayokwisha, na askari wa miguu aliye karibu na kifaru wakati kinapofyatua yuko hatarini. Jeshi likifunga Trophy kisha likawaweka mbali askari wake wa miguu kwa hofu hiyo, limerudi kule kule lilikotoka mwaka 1973.

Sasa Ukraine. Mwezi Machi 2022 msafara wa vifaru vya Urusi ulinaswa kwenye barabara kuu karibu na Brovary, mashariki mwa Kyiv, na video yake ilizunguka dunia nzima. Itazame tena bila kutafuta moto, utazame nafasi kati ya gari na gari. Wamebanana kama foleni ya Likoni siku feri imeharibika, hakuna pa kwenda mbele wala pa kugeukia, nyumba na miti kandokando, na hakuna askari wa miguu aliyeshuka kuzikagua. Tena sehemu kubwa ya mapigo yale yalitoka kwenye mizinga ya kawaida ya Waukraine, ingawa sifa zote zilipewa makombora. Urusi iliingia na vikosi vyenye vifaru vingi na askari wa miguu wachache, na upungufu huo ulionekana kila mahali. Vizimba vya vyuma walivyofunga juu ya minara havikuzuia Javelin. Nisije nikaonekana napendelea upande: mwezi Juni 2023, kusini, jimbo la Zaporizhzhia, Waukraine waliokuwa na vifaru vya Leopard na magari ya deraya ya Bradley walikwama ndani ya mabomu ya ardhini, na helikopta za Ka-52 zikawapiga kwa makombora kutoka kilomita nyingi, mbali na silaha zao za kutungulia. Bomu la ardhini linasimamisha, kombora linamalizia, na ushirikiano wa hivi viwili ni mgumu kuliko kila kimoja peke yake. Wengi wa waliokuwemo ndani ya Bradley zile walitoka wazima, jambo ambalo haliingii kwenye hesabu za watu wanaohesabu mabati.

Tangu hapo, droni ndogo yenye kamera na kichwa cha RPG imechukua kazi nyingi za kombora. Ni rahisi, inaweza kuzunguka tuta, na rubani wake hana haja ya kukiona kifaru kwa macho yake. Lile tuta nililolisifu hapo juu limepungua thamani. Majeshi yote mawili yalijibu kwa kuvuruga mawimbi ya redio, na mwaka 2024 zikaenea droni zinazobingirisha uzi mwembamba wa kioo nyuma yake, ambazo hakuna mawimbi ya kuvuruga. Mtu wa Malyutka angeutambua mpango huo mara moja. Vile vizimba vilivyochekwa mwaka 2022 vimepata kazi sasa, na kilomita nyingi za barabara zimefunikwa kwa nyavu.

Basi kwa nini vinanunuliwa? Kwa sababu kazi ya kupeleka mzinga mkubwa mbele ya ukuta alipojificha adui, chini ya vipande vya mabomu, na kuwatoa walio ndani wazima, bado haijapata chombo kingine. Poland, ambayo imepakana na Ukraine na imeitazama vita hii kutoka jirani, ilitia saini mwaka 2022 mikataba ya kununua vifaru 250 vya Abrams kutoka Marekani na 180 vya K2 kutoka Korea Kusini. Ujerumani nayo inaunda Leopard 2A8 ambazo zinatoka kiwandani zikiwa tayari zimefungwa Trophy. Lakini jeshi la nchi kama yetu likinijia na swali la kununua vifaru, sitauliza kwanza unene wa deraya. Nitauliza lina magari mangapi ya deraya ya kubebea askari wa miguu, lina mota ngapi, na mara ya mwisho vikosi hivyo vitatu vilifanya mazoezi pamoja, kwa risasi za kweli na moshi, ilikuwa lini.